Kiwanja changu Alice Springs, Australia, wiki ya 11: bafeli upande wa ukuta

Jana nimemaliza kung'oa bafeli, nyasi iliyovamia huku, kando ya ukuta. Mvua ya Jumatano ilinisaidia sana. Udongo mwekundu wa huku ukikauka, sururu inadunda kama unapiga saruji. Ukilowa, shina zima linatoka na mizizi yake. Masuke nayakata kwanza na kuyafunga kwenye mfuko, maana ukiyatikisa tu umeshapanda upya.

Nyasi hii naijua tangu utoto. Kwetu Kibwezi, Kenya, tunaipanda makusudi, ng'ombe wapate malisho na mbegu tuuze. Huku mbegu za kwanza zilifika karne ya 19 ndani ya matandiko ya ngamia, kisha wafugaji wakaipanda, na wengine wakaipanda kuzuia vumbi. Sasa imefunika mabonde. Ikishika moto huwaka vikali mno, hata mikaratusi mikongwe ya Mto Todd inateketea. Mwaka 2024 serikali ya eneo letu, Northern Territory, iliitangaza rasmi kuwa gugu. Habari hiyo iliniuma, kwa sababu ni nyasi ya nyumbani. Lakini hapa si kwao.

Aliyenifungua macho ni jirani yangu, bibi wa Kiarrernte, wenyeji wa asili wa hapa. Alinionyesha akatyerre, nyanya pori ya huku, kando ya njia, nami nikadhani ni ndulele: majani ya kijivu yenye manyoya, ua la zambarau. Kumbe ni ndugu kweli, ila tunda la huyu huliwa. Likiwa bichi lina sumu. Linaachwa likaukie mtini mpaka linyauke kama zabibu kavu. Alinipa moja nikatafuna taratibu. Utamu ulitangulia, halafu ukali ukabaki kooni muda mrefu. Akaniambia bafeli ikitawala mahali, akatyerre hupotea. Mengine aliyonieleza aliomba yabaki kwake, kwa hiyo siyaandiki.

Miche ya akatyerre sasa ni mitatu, yote imejiotea pale nilipochimba. Wala sikuipanda.

Kwandongi, mti wa matunda wa huku, ndiyo inayonisumbua. Mti huu hunyonya maji kwenye mizizi ya mwenzake, na ule wa kwanza niliupanda peke yake, ukafa. Wa pili nimeuweka ubavuni mwa mgunga wa hapa, mulga, ambao hauna miiba hata mmoja. Umetoa majani manne mapya.

Jumamosi naanza upande wa geti. Bibi amesema atakuja na wajukuu wake kukagua.