Kijiko au kuvuna: nilivyorekebisha kanuni ya neno "colher"
Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka za korosho, Kireno na Kiswahili. Wateja wako Nampula na Mtwara, mimi niko Sinza na meza yangu moja. Kireno changu hukaguliwa na programu huria ya sarufi, ile ambayo mtu yeyote anaweza kufungua faili la kanuni zake na kulirekebisha. Kilichonifanya nilifungue ni sentensi hii: "Os camponeses estão a colher muito caju", yaani wakulima wanavuna mabibo mengi. Programu ilipiga mstari chini ya "colher muito", ikidai jinsia hazipatani, kwani "muito" ni umbo la kiume.

"Colher" ni maneno mawili yenye tahajia moja. Ni kijiko, nomino ya kike. Tena ni kuvuna. Sikio huyatofautisha, maana irabu ya kijiko hutamkwa kwa kinywa kilichofunguka zaidi, lakini maandishi hayaonyeshi hilo. Programu ya namna hii kwanza hulipatia kila neno lebo zote zilizomo katika kamusi yake: NCFS000 kwa nomino ya kike ya umoja, VMN0000 kwa kitenzi-jina. Kisha kanuni za kuondoa utata hufuta lebo zisizofaa, ndipo kanuni za makosa zinaanza kazi. Hapa kijiko hakikuwa kimefutwa. Mbrazili angeandika "estão colhendo" na yote haya yasingetokea, ila Msumbiji hufuata mtindo wa Ureno, na nyaraka zangu zimejaa "estar a" mbele ya kitenzi-jina, kuonyesha tendo linaloendelea.

Kanuni yangu ya kwanza ilikuwa pana: "a" ikifuatwa na kitenzi-jina, ni kihusishi, na lebo ya nomino ifutwe. Mstari ukatoweka, nikalala na furaha. Kesho yake nikaijaribu kwa sentensi niliyoiharibu makusudi: "A colher está sujo". Maana yake kijiko ni kichafu; kijiko ni cha kike, ilipaswa kuwa "suja". Programu ikanyamaza. Kumbe "a" pia ni kibainishi cha kike, kile kinachotangulia nomino. Nilikuwa nimekifuta kijiko, na lebo ikishafutwa, kanuni zote zinazofuata haziioni tena. Iliniuma, kwa sababu onyo la uongo mwandishi hulipuuza, lakini kosa lililofichwa linasafiri na waraka hadi kwa mteja.

Jioni umeme ulikatika. Mama alikuwa anapika kwenye jiko la mkaa, akaniambia, "Mwanangu, nisogezee kaa lile." Nikasogeza, kisha nikabaki nimechuchumaa pale pale. Sikuwa nimemfikiria kaa wa soko la samaki la Feri hata kidogo, wala sikudhani naambiwa nikae. "Lile" lilishaamua, kaa wa baharini angekuwa "yule". Upatanisho ndio uliofanya kazi.

Kwa Kireno basi: "estão" ni wingi, na kijiko kimoja peke yake hakichukui kitenzi cha wingi. Nikaandika upya. Kukiwa na "estamos", "estão" au "estavam", kisha "a colher", futa nomino. Kwenye umoja nikawa mwoga, na nadhani ndivyo inavyotakiwa: "Onde está a colher?" inaweza kuuliza kijiko kiko wapi, au mtu anavunia wapi. Hapo lebo zote mbili nimeziacha. Kikifuata kibainishi, kama "está a colher o milho" (anavuna mahindi), ni kuvuna. Ikifuata "de pau" (ya mti), huo ni mwiko wa kupikia, na nomino haiguswi.

Nilipitisha tafsiri zangu za zamani, kabla na baada ya badiliko, nikalinganisha maonyo mstari kwa mstari. Sentensi ya mabibo imepita safi, "sujo" imepigwa mstari. Mifano yote miwili nimeiweka ndani ya faili, ili atakayeigusa kanuni baadaye aone mara moja akiivunja.

Sasa niko kwenye "para". Makubaliano ya tahajia ya mwaka 1990 yaliondoa alama iliyokuwa ikitofautisha kitenzi "pára" na kihusishi "para". "O motorista para o carro": dereva anasimamisha gari. "A carta para o motorista": barua kwa dereva. Nomino, "para", kibainishi, nomino, mpangilio ni ule ule, kwa hiyo hapa itabidi kanuni itazame sentensi nzima, kama ina kitenzi kingine ama haina.