Dakika tano za mwisho, upande A

Juzi nilikuwa Ngamiani, Tanga, kwa ami yangu, namsaidia kupanga chumba cha uani. Mvunguni nikakuta bati la biskuti limejaa kanda. Ya kwanza niliyoishika niliijua hata kabla sijaisoma: kanda ya dakika 60, lebo imeota manjano, na herufi kubwa za mkono wake, M. JACKSON – BAD. Kile kisponji kidogo kinachobana utepe kimebanduka. Utepe wenyewe ulishawahi kukatika, akauunga kwa selotepu.

Redio yake ilikufa zamani. Kwa hiyo usiku niliisikiliza albamu hiyo ya Michael Jackson kwenye simu, toka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho bila kuruka, jambo ambalo sijalifanya tangu nikiwa darasa la tano.

Bad ilitoka Agosti 1987, akiitengeneza Quincy Jones pamoja na Michael mwenyewe. Nyumbani kwetu iliingia mwaka uliofuata, ami alipoihamisha kutoka kanda ya rafiki yake baharia. Watoto wenzangu walikuwa wanagombania Smooth Criminal, wapate kuteleza sakafuni na soksi. Wangu mimi ulikuwa wa nne, Liberian Girl. Kabla Michael hajafungua kinywa, mwanamke anasema taratibu: "Nakupenda pia, nakutaka pia, mpenzi wee."

Siku ya kwanza niliruka kutoka kitandani. Nikairudisha kanda nyuma, nikarudisha tena, mpaka bibi akanikataza. Shuleni walinibishia wiki nzima: Mmarekani Kiswahili kakitoa wapi? Aliyesema maneno yale ni Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika Kusini, ambaye Quincy Jones alishafanya naye kazi kwenye muziki wa tamthilia ya televisheni ya Roots mwaka 1977. Baadaye tulipokuja kujua kwamba mwimbaji wa bendi ya Queen, yule anayeimba Bismillah katikati ya Bohemian Rhapsody, kazaliwa Unguja, mimi wala sikushangaa tena.

Safari hii kilichonikamata ni hilo neno "pia". Mtu hamwanzi mwenzake kwa "nakupenda pia". Pia ni jibu. Maana yake kuna aliyekwisha kusema nakupenda, sisi hatukumsikia, tumefika mlangoni wakati anajibiwa. Huenda mtunzi hakukusudia hivyo, lakini ndivyo nilivyosikia nikiwa na miaka 11 na ndivyo ninavyosikia leo. Na wimbo wenyewe ndani yake una wapenzi wawili kama wa kwenye sinema, mmoja anauliza kama anapendwa, mwenzake anajibu bila kuchoka. Michael anauimba kwa sauti ya karibu, kama anayeogopa kuamsha watu chumba cha pili.

Unaofuata, Just Good Friends, ameimba na Stevie Wonder. Haujanikaa hata leo. Waimbaji wakubwa namna ile, na kila mmoja anaimba kivyake.

Basi ukaisha Another Part of Me, simu ikaunganisha moja kwa moja na Man in the Mirror. Nikashtuka, nikadhani nimegusa kitu. Kumbe kilichokosekana ni wimbo wa ami.

Nyimbo sita za upande wa kwanza zinakula kama dakika 25, na upande mmoja wa kanda ile ni dakika 30. Ami hakutaka zile tano ziende bure. Akategea Redio Tanzania, akakamata wimbo wa kikundi cha Black Star. Mtangazaji anakatwa katikati ya neno, unasikia "tak" ya kitufe, kisha linaingia gita. Taarabu ya Tanga, gita la umeme, besi, kinanda na ngoma, bila lile kundi kubwa la fidla la Unguja. Besi ile inatembea kwa madaha, na ikija baada ya ngoma za Michael huoni kama umehama nyumba. Kwangu huo ndio wimbo wa saba wa Bad. Black Star na Lucky Star walikuwa mahasimu, wakijibizana kwa nyimbo, na mimi mtoto nikaamini huyu bibi wa Black Star anamjibu Michael.

Asubuhi nikamwamkia ami, nikamuuliza kwa nini aliuweka pale.

"Ulikuwa unatosha," akasema. Akanyamaza, akakoroga chai yake. "Halafu yule kijana kalalamika upande mzima, mwanangu. Ataachwaje vile?"

Akaanza kuuimba. Beti ya pili ikampotea, akarudi kwenye kiitikio, mkono unapiga besi juu ya meza. Mimi nayo sikuikumbuka. Kanda inayo.

Nimeondoka nimemwahidi kumtafutia redio ya kaseti, hata iwe mbovu, tutaitengeneza. Jioni amenipigia simu: kisponji amekwisha kukikata kwenye godoro la zamani kwa wembe, akakigandisha kwa gundi, na utepe ameukaza kwa penseli.