Ustadhi wangu hajawahi kuniambia nimesoma vizuri

Mwaka wa 3 huu nahifadhi Qurani hapa Tanga, na ustadhi akinisikiliza anaangalia mkeka tu, nikikosea herufi moja anagonga bakora chini mara 2 narudi mwanzo wa ukurasa. Tangu asikie nimechukua mchepuo wa sayansi shule anasema moyo wangu umegawanyika, hata salamu anaitikia kwa shida, inaniuma jamani. Jana nimemaliza sura ya Al-Baqara yote, aya 286, sauti inatetemeka, akafunga msahafu akasema "kesho Aal Imran", yaani sura inayofuata. Basi. Nimelia njia nzima mpaka home, maana namheshimu kama baba, na hii herufi dhad ya Kiarabu ninavyoitamka, yeye ndo kaninyoosha. Leo baada ya alasiri naenda tena.