Siku Moja Maishani Mwangu: Siku 13 Kabla ya Mchujo

Saa kumi na moja alfajiri, Jumatano, Agosti 13, 2025. Mwanza ni saa sita mchana, na huu ndio wakati ninaoweza kumpata mama kabla simu yangu haijafungiwa kabatini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kazi umeshapata?"

Tangu Aprili, majina 257 yaliposomwa kwenye drafti ya ligi ya futiboli ya Marekani, yaani zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya, na langu lisiwemo, nimekuwa nikimjibu kwamba nimesajiliwa lakini sijaajiriwa, naye huona kama ninamzungusha. Ukweli ni kwamba nina mkataba wa miaka mitatu ambao timu inaweza kuuvunja asubuhi yoyote, na nikiachwa nitabaki na kile kidogo nilichopewa siku ya kutia sahihi.

Saa kumi na mbili na robo nilipanda kwenye mizani: kilo 131. Tunapimwa kabla na baada ya mazoezi, kwa kuwa joto la Agosti linaweza kumtoa mtu wa umbo langu kilo tatu za jasho kabla ya chakula cha mchana.

Saa mbili tuliingia kwenye kikao cha walinzi wa safu ya mbele, na humo ndimo hesabu yangu ilimo. Kambini tuko 90, na ifikapo tarehe 26, saa kumi jioni, kila moja ya timu 32 lazima iwe imebaki na wachezaji 53. Chumba chetu kina watu kumi na wawili, na kwa mfumo tunaocheza watabaki tisa. Sita ni wazoefu ambao mikataba yao haiguswi kirahisi. Wawili walichaguliwa kwenye drafti ya mwaka huu, na fedha walizokwisha kulipwa hazirudi hata wakiachwa. Tunabaki wanne kwenye kiti kimoja, na mmoja wetu ameshacheza ligi hii misimu mitano. Sioni hila yoyote hapo. Kumwacha kijana wa raundi ya tatu ni kukiri mbele ya mwenye timu kwamba mlikosea kuchagua, ilhali kuniacha mimi hakumlazimu mtu yeyote kujieleza.

Kocha alisimamisha picha ya mchezo wa Jumamosi, ambao niliingia uwanjani kwa zamu 14 tu, zote katika robo ya mwisho. Alielekeza kalamu kwenye mkono wangu wa kushoto, uliokuwa umetua nje ya bega la mpinzani badala ya kifuani. "Hapo ndipo ulipompoteza," alisema, kisha akaendelea na mwingine. Sentimita kumi hivi.

Mazoezi yalianza saa nne kasorobo, tukiwa na pedi kamili, na nikawa ninahesabu zamu zangu kama mchuuzi anavyohesabu chenji: kumi na moja tu, wakati wachezaji wa kikosi cha kwanza hupata mara mbili ya hizo. Katika ya tisa walinijia wawili kwa pamoja, yule anayeutoa mpira na jirani yake wa kulia. Kosa la wengi ni kusimama wima ili kuona mpira uko wapi. Niliinama, nikateremsha goti la kulia hadi likakaribia nyasi, nikaelekeza nyonga kwa yule mzito na kukataa kusogea, mpaka mkimbiaji akakosa mwanya na kuangukia mgongoni mwangu. Kwenye takwimu haitaonekana, kwa sababu aliyemkamata ni mwingine, lakini kocha hulipwa kwa kuona mambo kama hayo.

Wakati wa chakula, jina la John Randle lilitajwa tena. Hakuchaguliwa mwaka 1990, akaingia Minnesota Vikings, akamwangusha kwotabeki, yule mrusha pasi wa timu pinzani, zaidi ya mara 137 na kuingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa mwaka 2010. Ninamheshimu sana, ila nimechoka kulishwa mfano wa mtu mmoja kana kwamba ni kanuni. Mjomba naye hunitajia Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013. Nikimwambia kwamba yule alikuwa mwepesi na mwenye mbio, hanielewi.

Lakini hiyo ndiyo shida yenyewe, na mchana huu niliiona wazi. Wasiochaguliwa wengi hupenyea kwenye vikosi vya mikwaju, kwa kukimbia uwanja mzima kumkamata aliyedaka mpira. Mtu wa kilo 131 hawezi kazi hiyo. Nilichobakiwa nacho ni kusimama katikati na kunyoosha mikono kuzuia mikwaju ya goli, na kuanzia saa tisa hadi saa tisa na nusu nilifanya hivyo tu.

Jioni nilikaa na kalamu. Nikiachwa siku ya mchujo, timu nyingine zina hadi saa sita mchana wa siku inayofuata kunidai, yaani kuuchukua mkataba wangu. Zisiponidai, ninaweza kurudishwa kwenye kikosi cha mazoezi, chenye watu 16 na malipo ya dola 13,000 kwa wiki msimu huu wa 2025. Aliyebaki kwenye 53 kwa msimu huu mzima, hata akiwa mgeni kwenye ligi kama mimi, hapati chini ya dola 840,000. Nafasi ya kubaki kwenye 53 ninaiona ndogo, ila ile ya kikosi cha mazoezi ninaiona nzuri, hasa nikicheza vizuri Jumamosi hii.

Saa nne usiku nilirudia picha za wapinzani kwenye tableti, nikitazama mikono tu. Anayeachwa huagizwa aje nayo ofisini. Nimeiweka kwenye chaji, mbali na mlango.