Mita ilisoma volti 12, kamera ikabaki giza

Uchochoro wa kuingia kwetu Mbagala hauna pa kugeuzia. Ukiingia kwa mbele utatoka kwa rivasi, na jioni umejaa watoto wa rede na kombolela. Mtoto anayetafuta pa kujificha hafikirii mengine, na nyuma ya gari lililosimama ndipo maficho mazuri. Ndiyo maana kamera ya nyuma kwangu si pambo. Wamarekani wameitungia sheria kabisa: tangu Mei 2018 gari dogo jipya haliuzwi kwao bila kamera hiyo.

Yangu ilianza kuzingua masika yaliyopita. Mara picha ipo, mara imekatika, mara inarukaruka kama ya televisheni yenye antena mbovu. Baada ya wiki mbili haikurudi tena. Nikiweka rivasi, skrini inaacha redio na kuleta mistari ya kuegeshea juu ya giza tupu.

Fundi wa kwanza hakugusa hata waya mmoja. "Dada, hiyo imeingia maji. Kamera mpya na ufundi, elfu themanini." Wa pili akasema hayo hayo, kasoro bei. Lakini kuna jambo lililokuwa linanisumbua. Kama ni maji, mbona kipindi kile picha ilikuwa inarudi hata mvua ikiwa inanyesha, na mara nyingi ilirudi pale nilipotoka kufunga buti? Mimi nasambaza mikate madukani, buti nalifungua hata mara ishirini kwa siku.

Jumamosi nikamwita mdogo wangu, anafanya kazi ya umeme wa majumbani, aje na mita yake ya kupimia umeme. Kwanza tukakaa tukaelewa nyaya zilivyopita. Kamera za kufungiwa hapa nchini, kama yangu, kwa kawaida huchukua umeme kwenye taa ya rivasi. Waya wa pili, wenye kichwa cha njano, hupeleka picha mbele. Wa tatu ni mwembamba, unaiambia redio kwamba gari liko rivasi ibadilishe skrini. Kwangu skrini ilikuwa inabadilika, na taa nyeupe ya nyuma ilikuwa inawaka. Basi fyuzi ni nzima na swichi ya gia ni nzima. Kama skrini ingekataa kubadilika, tungeanzia huko.

Tukaweka mawe kwenye matairi, nikavuta handibreki, nikawasha swichi bila kupiga injini, nikaweka rivasi. Plastiki ya ndani ya buti tuliibandua kwa bisibisi tuliyoizungushia kitambaa. Nikachomoa soketi ya kamera, nikagusisha ncha za mita. Volti 12.

Moyo ulishuka. Umeme unafika, picha hakuna, kwa hiyo mafundi walikuwa sahihi na elfu themanini lazima itoke. Nilikuwa nimeshaanza kurudisha plastiki mdogo wangu aliponizuia. "Dada, umepima kamera ikiwa imechomolewa. Irudishe, tupime ikiwa inakula umeme."

Tukairudisha, tukachomeka pini nyembamba kwa nyuma ya soketi ili mita ifikie shaba. Sasa ikasoma volti 3, zikipanda na kushuka. Nilidhani mita imeharibika. Akanieleza kwa mpira wa maji uliokunjwa: bomba la mwisho likifungwa, presha utaikuta palepale, ila ukilifungua yanatoka matone. Mita yenyewe hainywi umeme wowote wa maana, kwa hiyo hata waya uliooza unaipa namba nzuri. Kamera ikianza kuvuta, waya unashindwa. Kipimo hiki ndicho ningependa kila mwenye gari akijue, kwa sababu naamini kamera nyingi zimetupwa zikiwa nzima kwa kupimwa nusu.

Kilichobaki kilikuwa kutafuta mahali. Ncha nyeusi ya mita tukaihamishia kwenye chuma cha bodi: bado 3, kwa hiyo waya mweusi hauna kosa, mbovu ni mwekundu. Tukapima mwekundu huo huo unapoanzia kwenye taa, kamera ikiwa imechomekwa: 12 kamili. Umeme unapotelea katikati, na katikati pale pana sehemu moja tu inayojikunja, yaani ule mpira mweusi unaopitisha nyaya kutoka kwenye bodi kwenda mlango wa buti.

Tuliuvuta. Kwa macho waya ulikuwa mzima, ganda halina hata mkwaruzo. Nilipoupitisha kati ya vidole nikakuta sehemu laini, imelegea kama uzi. Tulipoukata, shaba ilikuwa imegeuka kijani na nyuzi zake karibu zote zimekatika. Aliyeifunga kamera aliunyoosha waya bila kuuachia ulegevu, kwa hiyo kila nilipofungua buti ulivutwa. Unyevu ukamalizia.

Gerezani, Kariakoo, nilinunua waya laini wenye nyuzi nyingi. Waya mgumu wa majumbani haufai hapo, utakatika upesi kwa kukunjwa. Ule wa zamani tuliukata hadi ikaonekana shaba nyekundu pande zote mbili, tukaunga kwa risasi, tukavisha vimpira vinavyosinyaa kwa joto. Maungio yote tuliyaweka nje ya mpira, mahali ambapo hayakunjwi, na ndani yake tukaacha waya umelegea. Waya wa picha tuliukagua hapo hapo, ulikuwa mzima. Gharama yote haikufika elfu kumi.

Picha ikaja, safi, ya kamera ile ile iliyohukumiwa kufa. Sikuridhika. Gari likiwa bado kwenye rivasi, mdogo wangu akakaa mbele akiangalia skrini, mimi nikawa nafungua na kufunga buti, mara ishirini, hesabu ya siku nzima ya mikate. Kila nilipofunga nilimuuliza, "Ipo?" Akajibu ipo, hadi ya ishirini.