Vumbi langu lilivyogoma kuangukia nyota

Nilitaka kuiga kwenye kompyuta vumbi linaloizunguka nyota changa linavyogeuka sayari. Jamaa yangu aliyesoma fizikia alinihakikishia: chembe zikigusana hunata, zikinata hukua, mwisho sayari. "Iache kompyuta ikeshe, kaka, utaikuta asubuhi." Ilikesha usiku nne. Umeme na bando vilinila kama elfu ishirini na kitu, sayari sikuiona.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Chembe za sehemu ya kumi ya mikromita (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) zilinatana taratibu mpaka zikafika milimita, kisha zikaanza kuporomoka kuelekea kwenye nyota. Gesi inayoizunguka nyota changa hubebwa kidogo na mgandamizo wake yenyewe, kwa hiyo huzunguka polepole kuliko vumbi. Vumbi halina msaada huo. Kila siku linakutana na upepo wa mbisho, unaolijia usoni, linapoteza mwendo, linavutwa ndani. Chembe laini kabisa hufuata gesi, jabali kubwa halijali, wa katikati ndio wanaoumia. Kwenye umbali kama wa Dunia na Jua, jiwe la mita moja humezwa ndani ya miaka mia hivi, umri wa bibi mmoja tu! Na vipande vya mwamba vikigongana kwa kasi inayozidi kama mita 1 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea, havinati, vinavunjika. Hayo jamaa hakuyagusia, na yaliniudhi sana.

Kilichoniokoa ni picha ya nyota changa HL Tauri iliyopigwa na ALMA, mkusanyiko wa darubini za redio kule Atacama, Chile, mwaka 2014. Nyota ina umri usiozidi miaka milioni moja hivi, na vumbi lake limekaa kwa pete, limetulia. Nikajiuliza, limeshikwa na nini?

Nikarundika gesi kidogo kwenye kompyuta, mbali na nyota kwa umbali wa Dunia na Jua mara 40. Nje ya rundo upepo ni wa mbisho, unasukuma ndani. Upande wa ndani mgandamizo unapanda kuelekea kwenye rundo, gesi inalipita vumbi, upepo unakuwa wa nyuma na kulirudisha nje. Rundo lisiwe jembamba kuliko unene wa gesi yenyewe, hapo utakuwa unajidanganya. Na jumlisha uzito wa vumbi lote kila hatua. Wangu ulikuwa unaongezeka kimyakimya, ilhali haukupaswa.

Nikawasha saa tatu usiku. Alfajiri kioo kilionyesha mstari mmoja mwembamba, palepale kwenye 40, umejaa chembe za milimita. Nilimwamsha mke wangu aje auone.