Picha Mlangoni mwa Kabati

Ndani ya mlango wa kabati langu hapa Malindi nimebandika picha ya cherehani ya umeme niliyoikata kwenye kalenda kuukuu, na kingo zake zimeshajikunja kwa unyevu wa bahari. Kila alfajiri kabla ya sala huitazama, nikajiona nimeketi nikishona sare za shule. Dada mmoja wa kanisani aliniuliza kama huo si uganga.

Swali hilo lilinikaa moyoni. Naamini kuliwazia lengo si dhambi, kwani katika Luka 14:28 Yesu mwenyewe anamtaja mtu ambaye kabla ya kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama, na hakuna awezaye kuhesabu gharama za kitu asichokiona akilini. Ninachokikataa ni mafundisho kwamba picha yenyewe huvuta baraka, kana kwamba fikra zetu zinaumba. Hapo Mungu amegeuzwa mtumishi wetu. Yakobo 4:15 inatutaka tuseme, “Bwana akipenda.” (Majirani zangu Waislamu husema inshallah kwa kila mpango, nao wamenikumbusha andiko langu mara nyingi.) Maneno hayo nimeyaandika kwa wino chini ya picha, na kando yake akiba niliyokwisha kuweka: shilingi 9,400.